Programu za Ofisini Zilizojengwa kwa Ufundi wa Tovuti

Chama cha msingi kinapoamua kuhamisha daftari la mizani kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, mazungumzo na fundi aghalabu huanza na bei na kuishia kwenye bei. Fundi hutaja kiasi anachotaka, halmashauri huomba punguzo, na mwishowe mkataba hutiwa sahihi. Hata hivyo, liko swali ambalo lapasa kutangulia bei, nalo ni hili: programu hiyo imejengwaje? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama karani ataweza kuandika stakabadhi siku ambayo mtandao umekatika, kama kompyuta iliyopo ofisini itatosha, ni nani atakayeweza kusoma majina na malipo ya wanachama, na chama kitafanya nini iwapo fundi atahama.

Siku hizi programu nyingi za ofisini hujengwa kwa ufundi ule ule unaotumika kutengenezea tovuti za intaneti. Makala haya yanaeleza ufundi huo ulitoka wapi, unafanyaje kazi, una faida na gharama gani, na mambo ambayo katibu na halmashauri hawana budi kuyauliza kabla ya kukubali.

LUGHA TATU ZA TOVUTI

Ukurasa wa tovuti hutungwa kwa lugha tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni HTML, iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Pendekezo lake la kwanza la mtandao wa tovuti aliliandika mwaka 1989. Ya pili ni CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994. Ya tatu ni JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape.

Mfano ulio karibu ni fomu ya stakabadhi. HTML ndiyo husema kwamba fomu ina nafasi ya jina, namba ya uanachama, uzito na daraja la mazao. CSS ndiyo huzipanga nafasi hizo zionekane vizuri kwenye kioo na kwenye karatasi. JavaScript ndiyo huzidisha kilo kwa bei, huondoa makato, na kuonyesha kiasi anachostahili mkulima.

Lugha hizo husomwa na kivinjari, yaani programu kama Chrome, Firefox au Safari. Kwa kuwa vivinjari vipo katika Windows, macOS, Linux na hata katika simu, ukurasa ulioandikwa mara moja huweza kutumika kote. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Lakini kivinjari kimewekewa mipaka kwa makusudi. Mtu hufungua kila siku kurasa za watu asiowajua, na kama kurasa hizo zingeachiwa kupekua mafaili yake, hakuna siri ambayo ingesalimika. Ulinzi huo ni mwema kwa msomaji wa habari. Kwa karani anayetaka programu ihifadhi daftari diskini, isome mzani, na kuchapa stakabadhi bila kuuliza kila mara, ulinzi huo ni kizuizi.

Kwa upande mwingine zilikuwapo programu za namna ya zamani, ambazo huandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja tu. Hizo hufika kila mahali ndani ya kompyuta, bali iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haifanyi kazi katika macOS wala Linux. Aliyetaka kuhudumia mifumo mitatu ilimlazimu kufanya sehemu kubwa ya kazi mara tatu, na gharama yake ilimwangukia mnunuzi.

JINSI TOVUTI ILIVYOINGIZWA NDANI YA KOMPYUTA

Wazo la kuunganisha mambo hayo mawili si geni. Mwaka 1999, pamoja na Internet Explorer 5, Microsoft iliruhusu kurasa za HTML ziendeshwe kama programu za kawaida za Windows. Mwaka 2008 kampuni ya Adobe ilitoa AIR, iliyokusudiwa kazi kama hiyo katika mifumo zaidi ya mmoja. Njia ya kwanza ilifungamana na Windows pekee, na ya pili ilishikwa na kampuni moja.

Mageuzi makubwa yalianza mwaka huo huo wa 2008, Google ilipotoa kivinjari cha Chrome pamoja na maandishi yake ya chanzo huria yaitwayo Chromium. Ndani yake mlikuwa na injini ya kuendeshea JavaScript kwa kasi, iitwayo V8. Mwaka 2009 Ryan Dahl aliichukua injini hiyo, akaitoa nje ya kivinjari, na kutengeneza Node.js. Kuanzia hapo JavaScript iliweza kufungua mafaili, kuzungumza na mashine nyingine na kufanya kazi zote ambazo kivinjari huzikataza.

Viungo viwili vikawa tayari: Chromium ya kuonyesha, na Node.js ya kutenda. Mwaka 2011 ulianza mradi wa node-webkit, uliolelewa katika kampuni ya Intel. Mwaka 2013 Cheng Zhao, katika kampuni ya GitHub, alianza kujenga chombo kilichoitwa Atom Shell, ambacho kilikuwa msingi wa programu ya kuandikia iitwayo Atom. Mwaka 2014 maandishi yake yalifunguliwa kwa umma, na mwaka 2015 kikapewa jina linalojulikana hadi leo, Electron. Juu ya Electron zimejengwa Visual Studio Code ya Microsoft pamoja na programu za Slack, Discord na Signal zinazotumika katika kompyuta. Tangu mwaka 2019 mradi huo umo chini ya OpenJS Foundation, si chini ya mfanyabiashara mmoja.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Programu ya Electron ina sehemu mbili, na katibu anayefahamu utaratibu wa ghala hatapata taabu kuzielewa. Ipo sehemu kuu, nayo ni kama mtunza ghala mwenye funguo: ndiyo inayofungua mafaili, kuamuru printa na kusoma mzani uliounganishwa kwa waya. Ipo pia sehemu ya dirisha, nayo ni kama karani akaaye dirishani: ndiyo anayoiona mtumiaji, yenye fomu, vitufe na majedwali, na hujengwa kwa HTML, CSS na JavaScript.

Katika ghala lenye utaratibu mwema, karani wa dirishani haingii ndani kujichukulia mali. Huandika hati, huipitisha, na mtunza ghala huitazama kwanza. Vivyo hivyo, sehemu ya dirisha hutuma ujumbe kwa sehemu kuu, nayo hutimiza maombi yaliyoruhusiwa tu. Kati ya sehemu hizo huwekwa orodha fupi ya maombi yanayokubaliwa, kama vile "hifadhi stakabadhi" au "chapa orodha ya malipo."

Hapo zamani mafundi wengi waliliacha dirisha lishike funguo zote. Hatari yake ni kwamba maandishi mabaya yakipenya dirishani, humiliki kompyuta nzima. Kwa sababu hiyo watunzaji wa Electron walibadilisha utaratibu hatua kwa hatua. Toleo la 5 la mwaka 2019 liliinyima sehemu ya dirisha nguvu za Node.js isipokuwa fundi aamue vingine. Toleo la 12 la mwaka 2021 lilitenga maandishi ya ukurasa na yale ya daraja la kati. Toleo la 20 la mwaka 2022 liliweka uzio mwingine kuizunguka sehemu hiyo. Fundi bado anaweza kuuvunja ulinzi huo kwa kubadili mistari michache, ndiyo maana inafaa aulizwe kama ameuvunja, na kwa sababu gani.

Daftari lenyewe mara nyingi huwekwa katika SQLite, hazina ya data iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo haidaiwi ada yoyote. Sifa yake ni kwamba daftari zima hukaa katika faili moja. Faili hilo ni rahisi kunakiliwa kwa ajili ya akiba. Ni rahisi pia kuibwa, kwa sababu SQLite ya kawaida haifungwi kwa siri, na anayeipata nakala aweza kuisoma yote.

FAIDA ZAKE

Kwanza, kazi moja hutumika katika mifumo mitatu, na chama hakifungwi na aina moja ya kompyuta. Pili, kurasa zote za programu zimo ndani ya mashine yenyewe. Ikiwa daftari nalo limo humo, programu hufunguka na kufanya kazi pasipo intaneti. Tatu, lugha zake zinajulikana na mafundi wengi. Fundi mmoja akiondoka, wa pili hupatikana bila shida kubwa, mradi maandishi asilia yamebaki mikononi mwa chama.

GHARAMA ZAKE

Gharama ya kwanza ni uzito. Kila programu ya Electron hubeba Chromium yake nzima. Hata ile isiyofanya lolote ila kuonyesha neno moja huchukua zaidi ya megabaiti 100 diskini. Kompyuta yenye programu tatu za namna hii ina Chromium tatu, na kila moja hudai sehemu yake ya kumbukumbu. Katika mashine mpya jambo hilo halionekani sana. Katika mashine ya zamani yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, iliyofungua kivinjari na programu mbili kwa pamoja, karani hungoja na foleni hurefuka.

Gharama ya pili ni matengenezo. Chromium hupatikana na kasoro za usalama mara kwa mara, nazo hurekebishwa kwa matoleo mapya. Tangu mwaka 2021 Electron hutoa toleo kubwa kila baada ya wiki 8 hivi, na watunzaji wake huhudumia matoleo makubwa matatu ya mwisho tu. Programu iliyonunuliwa ikaachwa bila kuguswa kwa miaka miwili inabeba kivinjari cha miaka miwili iliyopita pamoja na kasoro zake zote. Hali kadhalika, matoleo mapya huacha mifumo ya zamani. Toleo la 23 la mwaka 2023 liliacha kuhudumia Windows 7, 8 na 8.1. Chama chenye kompyuta ya Windows 7 hakiwezi kuendesha programu iliyojengwa kwa toleo hilo au yaliyofuata. Kununua programu pasipo kupanga matengenezo yake ni sawa na kununua mzani pasipo kupanga kuukaguza.

Gharama ya tatu ni ya siri. Maandishi ya JavaScript yaliyomo ndani ya programu ya Electron husomeka na mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo. Kwa hiyo neno la siri la seva halipaswi kamwe kufichwa ndani ya programu. Kila karani apewe lake, na lizuiwe siku anapoacha kazi.

NJIA NYINGINE MBILI

Wapo walioona kwamba hakuna haja ya kila programu kubeba kivinjari, ikiwa mfumo wenyewe wa kompyuta tayari unacho kimoja. Huo ndio msingi wa Tauri, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2022 na la 2.0 mwaka 2024. Tauri hutumia chombo cha kuonyeshea kurasa kilichomo ndani ya Windows, macOS au Linux, na sehemu yake kuu huandikwa kwa lugha ya Rust. Programu yake huweza kuwa ya megabaiti chache tu. Bei ya wepesi huo ni kwamba vyombo vya mifumo hiyo mitatu havifanani, na ukurasa unaopendeza katika mmoja huweza kupindika katika mwingine. Kwa hiyo fundi hana budi kuujaribu kote. Hata makampuni makubwa yamefuata mkondo huo: Microsoft ilipotoa Teams mpya mwaka 2023, iliiacha Electron na kutumia WebView2, chombo cha namna hiyo katika Windows.

Njia ya pili ni tovuti inayoweza kuwekwa katika kompyuta au simu na kuendelea kufanya kazi mtandao unapokatika. Hii ni nyepesi kuliko zote, na ada yake aghalabu ni ndogo. Lakini daftari lake hukaa ndani ya kivinjari. Mtu akifuta data za kivinjari, pengine kwa nia njema ya kupunguza uzito wa mashine, stakabadhi ambazo hazijatumwa hupotea pamoja nazo. Njia hii yaweza kufaa kwa kusoma taarifa na bei. Kwa daftari la mizani, yahitaji tahadhari kubwa.

SIKU YA UNUNUZI

Kufanya kazi bila mtandao ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kutuma taarifa mtandao unaporudi, na hapo ndipo makosa makubwa hutokea.

Chukua mfano wa chama chenye vituo viwili, A na B. Kituo A kimepokea kilo 64 za mwanachama na kuzihifadhi. Mtandao uliporudi, programu ilituma stakabadhi hiyo kwenye seva ya chama kikuu. Seva iliipokea, lakini mtandao ukakatika kabla jibu halijafika kituoni. Programu, kwa kutopata jibu, huituma tena. Ikiwa seva haina njia ya kutambua kwamba stakabadhi ni ile ile, mwanachama huandikiwa kilo 128. Chama kitalipa fedha kisizodaiwa, na mwisho wa msimu mazao ya ghalani hayatalingana na daftari. Dawa yake ni kila stakabadhi kupewa utambulisho wake wa pekee papo hapo inapoandikwa kituoni, na seva kukataa utambulisho uliokwisha kupokelewa.

Tatizo la pili ni vituo viwili kutoa namba moja. A na B vikianza vyote na namba 0001, stakabadhi ya mkulima mmoja yaweza kufunika ya mwenzake. Utambulisho uwe na alama ya kituo, kama vile A-0001 na B-0001.

Tatizo la tatu limo katika hesabu yenyewe. JavaScript hutunza namba zenye nukta kwa kukadiria. Ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2, hutoa 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni ndogo mno, bali ikirudiwa katika maelfu ya stakabadhi huweza kuzaa jumla zisizolingana kwa senti au kwa gramu, na mkaguzi hatazikubali. Fundi mwangalifu hutunza fedha kwa senti nzima na uzito kwa gramu nzima. Kilo 64.3 huandikwa gramu 64,300, na nukta hurudishwa wakati wa kuonyesha tu. Kwa namba nzima JavaScript ni sahihi mpaka 9,007,199,254,740,991, kiasi kinachotosha chama chochote.

MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Halmashauri na iyaulize maswali yafuatayo, na majibu yake yaandikwe ndani ya mkataba.

1. Je, programu hufanya kazi bila mtandao? Jibu la mdomo halitoshi. Mtandao uzimwe, kompyuta izimwe na kuwashwa upya, kisha iandikwe stakabadhi na ichapwe mbele ya halmashauri.

2. Daftari limehifadhiwa wapi, na nakala ya akiba huchukuliwa lini? Nakala ambayo haijawahi kurudishwa katika kompyuta nyingine ikafunguka haijathibitishwa.

3. Inahitaji kompyuta ya namna gani? Ijaribiwe katika mashine ya chama yenyewe, wala si katika mashine mpya ya fundi.

4. Nani atatoa matoleo mapya, kila baada ya muda gani, na kwa malipo gani?

5. Maandishi asilia ya programu yatakuwa ya nani? Atom, ile iliyozaa Electron, ilifungwa na GitHub mwezi Desemba 2022. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, watu wengine waliyaendeleza kwa jina la Pulsar. Chama kisichokuwa na maandishi ya programu yake hakina njia hiyo.

6. Je, daftari lote laweza kutolewa katika faili la kawaida linalofunguka kwa programu ya majedwali kama Excel? Chama kisichoweza kutoa taarifa zake kimekuwa mfungwa wa fundi.

7. Nani aweza kusoma taarifa za wanachama, na diski imefungwaje ili kompyuta ikiibwa zisisomeke? Majina, namba za simu na malipo ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa hizo ana wajibu wa kuzilinda, na wajibu huo hauhamii kwa fundi kwa sababu tu yeye ndiye aliyeandika programu.

WAJIBU WA CHAMA

Ni dhahiri kwamba hakuna njia moja iliyo bora kwa vyama vyote. Chama chenye kompyuta nzuri na mtandao usioaminika chaweza kunufaika na Electron. Chenye mashine dhaifu na fundi mwenye ujuzi chaweza kufikiria Tauri. Chenye haja ya kusoma taarifa tu kitatosheka na tovuti. Lililo muhimu ni uchaguzi ufanywe kwa kujua, wala si kwa kuvutiwa na rangi za kioo.

Makatibu washauriwa kuyapeleka maswali haya mbele ya halmashauri kabla ya kupokea bei, na kuwaeleza wanachama katika mkutano mkuu fedha zao zitanunua kitu gani. Nao wanachama, programu iwe ya namna yoyote, wasiache kudai stakabadhi ya karatasi papo hapo mzani unaposomwa. Kompyuta ikikosea, karatasi iliyo mkononi mwa mkulima ndiyo itakayoisahihisha.